Rivyu: kampuni ya kukutafutia familia ya kuishi nayo ukienda semesta nje

Nimemaliza semesta yangu nje nikiishi na familia niliyotafutiwa na kampuni, na kwa vile watu wananiuliza sana kama ile hela inafaa au bora mtu ajitafutie chumba mwenyewe, naandika hapa mara moja niwe nawaelekeza. Kampuni naipa nyota 3 na nusu, familia yenyewe 5. Jina siweki, hizi kampuni zinafanana mno na haya maswali utayahitaji popote uendako.

Kwanza tuelewane unalipia nini. Kuna ada ya kutafutiwa familia, hio unalipa mara moja na hairudi, afu kuna malipo ya kila mwezi yanayoenda kwa familia baada ya kampuni kukata chake. Humo unapata chumba, waifai, kufuliwa au kutumia mashine yao, na mara nyingi milo miwili, asubuhi na usiku, mchana unajijua. Wengi wanasaini bila kuuliza wikiendi inakuaje, wala kama wanaruhusiwa kuingia jikoni wakajipikia chao, na ugomvi mwingi wa hizi nyumba unaanzia hapo hapo jikoni nakwambia, friji sijui rafu ipi ya nani.

Fomu yao ndo iliyonikera. Kurasa na kurasa za mzio, sigara, paka, mbwa, dini, ila hakuna swali hata moja la unalala saa ngapi, au ukiwa na mawazo we ni mtu wa kujifungia chumbani au unataka watu. Na hayo ndo yanayoamua kama mtaishi! Mi msomaji wa usiku, nikapelekwa nyumba ambayo saa tatu taa zote zishazimwa, na siwalaumu maana hakuna aliewauliza wao wala mimi. Tukayaongea, nikawa natumia taa ndogo ya mezani na usiku sifungui maji ya kuoga sababu bomba linapiga kelele kwenye ukuta wa chumba cha watoto, yakaisha. Nyota moja imeondoka hapo.

Sasa koodineta, yule mtu wa kampuni anaesimamia mwanafunzi na familia, huyu ndo hela yangu ilipofanya kazi. Anaikagua nyumba kabla hujafika, afu ukishafika anakuja tena na kukuuliza peke yako, familia haipo karibu. Mkataba ulisema chumba kitakua na meza ya kusomea, chumba hakina meza. Mi ningenyamaza tu, we unamwambiaje mtu aliekupokea kwake, akakupisha chumba, kwamba lete na meza? Koodineta akawaambia yeye kikazi kikazi, meza ikaja na hakuna alienuna. Ukijitafutia chumba mwenyewe huyo mtu wa kukusemea vitu vya aibu huna, na ukikuta mambo hayaendi kabisa ndo yeye huyo anakuhamisha familia. Kwaiyo kabla hujalipa uliza: koodineta anaishi mji huo huo au ni mtu wa barua pepe tu? Kama ni wa barua pepe mi nakushauri uiache hio kampuni.

Kingine uliza nyumba ina wanafunzi wangapi wengine na wanatoka wapi. Kuna familia zinapokea mmoja, na kuna zingine ni gesti tu yenye mama mwenye nyumba, vyumba vinne wanafunzi wanne. Sio mbaya, ila kama umeenda kwa ajili ya lugha na jirani yako chumbani ni Mswahili mwenzio, semesta nzima mtapiga Kiswahili. Uliza pia kama kuna mtu anaeshinda nyumbani. Kwetu alikuepo bibi, wazazi wanarudi wamechoka wanataka kulala, ila bibi ana muda na ana maswali, basi nimeongea nae kuliko na mwalimu wa lugha chuoni.

Halafu ile brosha yao ina chati ya kuzoea ugenini, ile ya shepu ya U, eti mwanzo raha, katikati unashuka, mwisho unapanda, na wameikunja yote ikaenea kwenye semesta moja. Jamani. Hio U inatokana na utafiti wa Sverre Lysgaard wa 1955, aliwahoji Wanorwei zaidi ya 200 waliowahi kukaa Marekani kwa Fulbright, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, akakuta waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndo waliozoea vibaya kuliko wa muda mfupi zaidi na wa muda mrefu zaidi. Semesta ya miezi minne mitano haifiki hata huko chini kwenye chati! Mi unyonge ulinikuta mwanzoni kabisa, wakati brosha inasema niko na raha, na ulipungua nilipoanza kupewa kazi, kutoa taka, kumsaidia mtoto hesabu. Sisi tunasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, mi bora wangenipa ya kwanza.

Nusu nyota imekatwa kwa tarehe. Mkataba unahesabu wiki, chuo kinahesabu mitihani, na hivyo viwili havikutani, mkataba wangu uliisha mtihani wa mwisho bado. Familia walinikatalia kuhama ila kampuni ikadai ada ya kuongeza muda, tena bei ya juu kuliko ya kawaida. Pata kalenda ya mitihani kwanza ndo usaini.

Na kama unapanga kurudi semesta ya pili uishi na familia ile ile bila kupitia kampuni, angalia ukurasa wa mwisho wa mkataba, wangu una kifungu kinachowakataza familia kunipokea moja kwa moja mpaka muda fulani upite, wakikiuka wao ndo wanaotolewa kwenye orodha.