Uzoefu wangu na oili ya breki Motul RBF 600 kwenye miteremko ya Kitonga na Chunya

Hii ni oili ya breki ya magari ya mashindano, daraja la DOT 4 (DOT ni viwango vya oili ya breki), inakuja kwenye chupa ya nusu lita. Naitumia kwenye Subaru Impreza ya gia za mkono inayozunguka kwenye barabara za Iringa, Mbeya na Chunya. Nimeridhika nayo, ila kuna kazi inayoifanya na kuna kazi ambayo watu wanaitarajia lakini haimo kwenye chupa.

Nianze na namba, maana ndizo unazozilipia. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 ya kawaida 230. Hii inachemka kwenye 312. Ikishanyonya maji kidogo, DOT 3 inaruhusiwa kushuka hadi 140 na DOT 4 hadi 155. Hii inabaki kwenye 205. Yaani ikiwa imechakaa bado iko sawa na DOT 3 inayotoka kwenye chupa mpya. Kwangu namba hiyo ya pili ina maana kuliko ya kwanza, kwa sababu oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa kila siku, na huku kwetu mvua ikianza Novemba haituachii mpaka Aprili au Mei.

Kwa nini mlima unaua oili? Chukua gari lolote, jepesi au zito. Kushuka mita 40 za kimo kwa mwendo uleule, huku breki peke yake ndiyo inayolishikilia, kunazalisha joto sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi sifuri. Ukishuka kimo cha mita 400 umepiga breki kali kumi mfululizo, tena bila kuona kama umefanya lolote, kwa sababu mguu ulikuwa umeegemea tu. Joto hilo linatoka kwenye disiki, linaingia kwenye pedi, linapita pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye disiki) na kufika kwenye oili. Maji yaliyomo yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inazama.

Hapo lazima ujue kutofautisha. Pedeli ikiwa laini na ndefu, ukipampu inarudi kidogo, na gari likipoa inakuwa nzima kabisa: oili imechemka. Pedeli ikiwa ngumu, juu palepale pa kawaida, lakini gari halishikiki: pedi ndizo zimezidiwa na joto. Oili hii inatibu tatizo la kwanza tu. Kama una pedi za bei ya chini na tatizo lako ni la pili, pesa yako iende kwenye pedi kwanza.

Kwenye Kitonga tofauti inaonekana wazi. Ukishuka kutoka Ilula kuelekea Ruaha Mbuyuni nyuma ya foleni ya malori, pedeli inabaki mahali pake tangu juu mpaka chini. Kitu kimoja haibadilishi ni uzito wa pedeli. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuelekea Chunya barabara inapanda zaidi. Hewa ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo busta (kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki kwa mgandamizo wa hewa) inapata nguvu pungufu kuliko Dar na mguu lazima ukandamize zaidi. Hilo lisikutishe wala usilitafutie dawa kwenye oili.

Sasa mguu, maana hapa ndipo madereva wa mashindano wanapotuzidi. Dereva wa mashindano haburuzi breki. Anakanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, gari likiwa limenyooka, kisha anaachia kabisa. Anavyokanyaga kuna hatua mbili: kwanza kama nusu sekunde ya kukaza ili uzito uhamie matairi ya mbele, ndipo anaongeza mpaka karibu na pale tairi linapotaka kufunga, yaani kuacha kuzunguka. Ukigonga pedeli ghafla kabla uzito haujahama, tairi la mbele linafunga au ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga) inaanza kugugumia mapema, na umepoteza mita ambazo zilikuwa zako.

Kuachia ndiko kugumu zaidi. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1969, 1971 na 1973, alisisitiza sana jinsi ya kutoa mguu kwenye breki. Sababu yake ni hii: tairi lina mshiko mmoja tu, unaugawa kati ya kusimama na kukata kona. Usukani ukianza kuzunguka, mguu uanze kupungua kwa kiasi hichohicho. Ukiachia ghafla pua inainuka, gari linakataa kona na kwenda nje. Ukiendelea kukandamiza huku unakata, nyuma kunakuwa kwepesi na gari linaweza kuzunguka. Barabarani mimi nabaki na sehemu ndogo ya mbinu hii: mwendo wote wa ziada naumaliza kabla ya kona, na kwenye kona nabakiza uzito wa kidole tu, ambao unaisha kabla sijafika sehemu ya ndani kabisa. Kona za Chunya nyingi hazionyeshi mwisho wake, kwa hiyo chelewa kuingia ndani. Anayewahi kuingia ndani anatolewa nje wakati wa kutoka, na nje huko ni upande wa fuso linalopanda.

Kwenye mteremko mrefu, gia ndiyo breki ya kwanza. Gia ya tatu, au ya pili kama kuna malori, ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka. Wakati wa kupunguza gia gusa akseleta kidogo raundi zipande ndipo uachie klachi. Usipofanya hivyo barabara ikiwa na ukungu na maji, tairi linaweza kukwama kwa nguvu ya injini. Halafu acha gari lifike mwendo uliouchagua, piga breki ulipunguze kwa kilomita 15 au 20, achia, hewa ipite. Kwenye vumbi na changarawe, kama barabara za misitu ya Sao Hill, sheria inabadilika kidogo: tairi lililofunga linarundika kokoto mbele yake na linaweza kusimama mapema kuliko lenye ABS, lakini halikati kona. Chagua moja kwa wakati.

Kuiweka si kazi ngumu. Chupa mbili zinatosha kusafisha mfumo wa gari dogo. Nyonya oili ya zamani kutoka kwenye kopo la oili ya breki kwa bomba la sindano, jaza mpya, kisha toa upepo ukianzia tairi la mbali na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli). Kwa magari mengi ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, ila angalia kitabu cha gari lako, baadhi yana mpangilio mwingine. Nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo) ifunguliwe robo mzunguko tu, na ifungwe kabla msaidizi anayekanyaga pedeli hajatoa mguu. Asikanyage mpaka sakafuni: sehemu ya chini ya masta silinda ya zamani ina kutu, na raba zikipita pale zinachanika. Kopo lisiishe oili katikati ya kazi. Ikidondokea rangi ya gari mwagia maji papo hapo.

Kasoro zake ni mbili. Bei ni mara kadhaa ya DOT 3 ya dukani, na mimi huagiza Dar. Pili, haivumilii kukaa: naibadilisha kila mwaka mvua zikiisha, na chupa iliyofunguliwa siiwekei akiba. Kama gari lako halitoki katikati ya Mafinga na Makambako, DOT 4 ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati inakutosha. Kwa anayeshuka Kitonga au Chunya akiwa na mzigo, nunua chupa mbili.