Mitego ya panya Mombasa: ununue upi kwanza

Jirani yangu wa Mji wa Kale aliniuliza bei ya bunduki ya upepo, amalize panya walio darini. Nikamwambia bunduki Kenya ni mambo ya leseni, na risasi ya kukosea ndani ya nyumba yenye watoto haina pa kwenda pazuri. Twende dukani tukanunue mtego.

Wa kwanza kwangu ni mtego wa kubana, ule wa kibao na springi. Wengi hukosea saizi: mtego wa kipanya kidogo ukimbana panya mkubwa wa dari, hukimbia nao. Chukua ule mkubwa, uutege palepale dukani na uufyatue kwa kijiti. Mtego ukisitasita, urudishe. Hewa ya chumvi hula springi haraka, kwa hivyo ukiona hata doa la kutu, acha. Nunua mitatu, si mmoja. Panya huogopa kitu kigeni, basi iwekee chambo siku mbili tatu bila kuitega, ale azoee. Mimi hutumia ng'onda au kipande cha nazi kilichochomwa, nikakifunga kwa uzi asikinyakue. Mtego ukae kando ya ukuta, upande wa chambo ukiugusa, maana hapo ndipo apitapo.

Wa pili ni tundu la waya. Lafaa penye watoto na paka, ila asubuhi unabaki na panya hai mkononi, na kumwachia mtaroni ni kumpelekea jirani.

Sumu naiweka ya tatu, tena kwa shingo upande. Nyingi huzuia damu isigande, kwa hivyo panya hafi usiku ule. Hufa siku kadhaa baadaye, popote alipo. Wetu alifia darini mwezi wa Ramadhani, tukawa twafuturu barazani. Na paka akimla panya huyo, naye huenda akafa. Ukiinunua, iwe na pakiti yenye jina la dawa, si ya kufungiwa gazetini: mtoto akiila, daktari atataka kujua ni sumu gani.

Gundi ni ya mwisho. Vumbi likiingia haishiki, na kabla ya hapo hunasa mijusi. Panya mwenyewe hulia usiku kucha.

Vaa glovu unapomtoa, mkojo wake una magonjwa.

Paka? Wa mtaani kwetu kashiba vichwa vya samaki, panya humpita akimtazama.