Masomo ya Video na Majaribio ya Bure kwa Darasa: Nini cha Kupakua, Nini cha Kuacha

Malalamiko ninayoletewa na walimu wa huku kwetu Kigoma siku hizi yanafanana mno. Mwalimu anashuka mjini kufuatilia mambo yake, anapita kwenye kibanda cha simu pale Mwanga au karibu na stendi, anauziwa memori kadi "ya masomo yote, darasa la kwanza mpaka kidato cha sita". Analipa elfu kumi na tano, mwingine elfu ishirini. Akifika Kasulu au Uvinza anaichomeka kwenye kishikwambi, mafolda kweli yamejaa, anagusa faili la kwanza halifunguki, anagusa la pili hivyo hivyo. Mwalimu mmoja wa Fizikia wa Kibondo alinitumia picha ya skrini yake: safu za vialama vyeupe mfano wa karatasi tupu, na chini ya kila kimoja jina linaloishia na .swf.

Hizo herufi tatu ndizo zilizonifanya niandike mwongozo huu. Faili la .swf ni la Flash, programu ya zamani ya kuchezesha michoro na michezo kwenye kompyuta. Kampuni ya Adobe iliyoimiliki ilisitisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuia hata zile nakala zilizobaki kwenye kompyuta za watu. Kwenye simu ilishaachwa miaka mingi kabla ya hapo. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, ambavyo walimu tulikabidhiwa baadaye, haviwezi kufungua faili la namna hiyo. Muuzaji anajua, au hajawahi kujaribu. Vyovyote vile, pesa ya mwalimu imekwenda, na kilichomo kwenye kadi kilikuwa cha bure tangu mwanzo.

Sitapoteza muda kuzungumzia ubora wa picha au kama somo linaendana na mtaala. Hayo kila mwalimu anayapima mwenyewe kwa kuangalia mara moja. Ninalolipima mimi ni jambo ambalo sijaona mtu akiliuliza: nikishapakua, ninabaki na faili mkononi? Faili ambalo naweza kulihamisha kwa Xender au Bluetooth kwenda kwa mwalimu mwenzangu aliyeko Buhigwe asiye na bando, naye akaligusa likafunguka hapo hapo? Vitu vingi vya bure havifiki hapo. Somo unalipata, ila limefungiwa ndani ya programu, na programu inadai intaneti, akaunti, au toleo jipya kila baada ya muda. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, soma herufi za mwisho za jina la faili. Huu ndio mpangilio wangu.

Namba moja: PhET. Sifichi, hii naipenda kuliko zote, na kama unafundisha Fizikia, Kemia au Hisabati, anza nayo kabla hujasoma yanayofuata. Ni majaribio ya kwenye skrini yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Lililonishika ni hili: kila jaribio ni faili moja tu la .html, la megabaiti chache. Maabara nzima ya umeme inaingia kwenye nafasi ndogo kuliko video fupi ya harusi. Unalituma WhatsApp kama dokumenti, mwenzako analifungua kwa Chrome data ikiwa imezimwa, na linafanya kazi.

Chukua Circuit Construction Kit: DC. Mwanafunzi anavuta betri, waya na balbu kwa kidole, anaviunganisha, vidoti vya bluu vinaanza kutembea ndani ya waya, balbu inawaka. Akiongeza betri, mwanga unazidi. Akiunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu, betri inalipuka moto pale pale kwenye skrini, na darasa zima linapiga kelele. Shoti ya umeme hawaisahau tena. Shule ngapi za kata huku kwetu zina ammita inayosoma sawasawa? Humo ammita na voltimita zote zimo, na haziharibiki.

Jina la faili lenyewe linakupa taarifa. Likiishia _en.html ni la Kiingereza, likiishia _sw.html ni la Kiswahili, maana majaribio kadhaa yameshatafsiriwa. Kwa sekondari pakua yote mawili: fundisha na lile la Kiingereza kwa sababu ya mtihani, na lile la Kiswahili mpe yule aliyeachwa nyuma. Jambo moja la kuangalia: baadhi ya simu hufungua .html kwa kisomaji chake chenyewe, ukaona skrini nyeupe. Lishikilie faili, chagua "Fungua kwa", kisha Chrome. Na ukikuta PhET ya zamani kwenye kadi za kununua, kuna uwezekano mkubwa ni zile zile za Flash. Chukua mpya kwenye tovuti yao.

Namba mbili: Kolibri. Hii ni programu ya masomo kwa shule yenye kompyuta mpakato moja na wanafunzi wengi. Inatengenezwa na Learning Equality, wale wale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili masomo ya Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure, yafike pasipo intaneti. Unaisanikisha kwenye kompyuta, unawasha hotspoti, vishikwambi na simu zinaunganishwa na kompyuta hiyo bila kutumia hata senti ya bando. Mwanafunzi anaandika ile anwani ya namba inayoishia na :8080 kwenye kivinjari, anaingia darasani. Video, mazoezi na alama za kila mmoja vinabaki kwenye kompyuta ya mwalimu. Kazi ngumu ni siku ya kwanza ya kupakua, kwa hiyo usichukue chaneli nzima. Chagua mada za muhula huu tu.

Kwenye kipimo changu Kolibri inapita kwa njia yake. Huwezi kuchomoa video moja ukamrushia mtu kirahisi, lakini chaneli unaweza kuitoa kwenda kwenye flashi (ile ya USB, si Flash ya Adobe), na shule nyingine ikaiingiza kwenye Kolibri yao bila intaneti. Kwa hiyo shule moja ya mjini ikipakua mara moja, wilaya nzima inaweza kunakili. Nashangaa kwa nini hili halifanyiki kwenye kila mkutano wa walimu wakuu.

Namba tatu: Ubongo, kwa msingi na awali. Hawa ni wa hapa hapa nyumbani, Dar es Salaam, wameanza mwaka 2013. Ubongo Kids ni ya hisabati na sayansi, Akili and Me ni ya wadogo kabisa. Kiswahili chao kinaingia masikioni mwa mtoto wa Ujiji moja kwa moja, na nyimbo hazitoki kichwani. Kupitia Ubongo Toolkits wanatoa vipindi bure. Video ni nzito, basi pakua usiku kwa bando la usiku, na usiiache kwenye simu yako peke yake.

Namba nne: Kiwix na Wikimedia Commons. Kiwix ni programu inayobeba Wikipedia nzima ndani ya faili moja la .zim. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaingia bila shida kwenye kishikwambi chochote. Ya Kiingereza pamoja na picha ni takriban GB 100, kwa hiyo chagua toleo lisilo na picha au la mada moja. Hapa kuna mtego unaowaliza wengi: kadi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Ipange upya kwa exFAT kwanza.

Commons ni ghala la bure la picha na video. Mwalimu wa Biolojia wa Kigoma hana sababu ya kufundisha kwa picha za wanyama wa Ulaya wakati sokwe wa Gombe, waliofanyiwa utafiti na Jane Goodall tangu mwaka 1960, na samaki wa Ziwa Tanganyika wamo humo, vinapakuliwa bure. Video zake lakini nyingi ni .webm, na televisheni nyingi zenye tundu la flashi haziisomi. Weka VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, kisha iunganishe na televisheni kwa waya.

Vilivyobaki nitavipitia upesi. YouTube ina kila kitu, lakini ukibonyeza Pakua ndani yake video inafichwa humo humo. Flashi haiipati, na ukikaa muda bila intaneti inakataa kucheza. African Storybook ni hadithi nzuri za kusoma kwa watoto. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ni ya vitabu vya kiada, na kila mwalimu anaijua.

Sasa nirudi kwa wauzaji, maana hasira haijaniisha. Masomo ya Khan Academy yametolewa kwa leseni inayokataza biashara. PhET inaruhusu kunakili na kugawa, mradi umtaje mwenye kazi. Lakini kwenye kadi hizi majina yamefutwa, folda imepewa jina la kibanda, na mwalimu wa mshahara wa mwezi analipishwa kana kwamba kuna mtu hapo alikaa akatengeneza masomo. Muuzaji akisema "nalipwa kwa kazi ya kunakili", sawa, ajira ni ajira, aseme bei ya kunakili na mafaili yafunguke.

Mbaya zaidi, kadi zenyewe nyingine ni feki. Imeandikwa GB 64, ndani ni GB 8. Mafaili ya mwanzo yanacheza vizuri na yaliyobaki ni majina matupu. Ukilazimika kununua iliyojazwa, usitoe pesa kwanza. Ichomeke kwenye kishikwambi chako pale pale kibandani, zima data, nenda folda ya katikati na ya mwisho, fungua faili moja kila folda. Ukinunua tupu, mpe mwenye kompyuta ya Windows aipime ukubwa wake halisi kwa programu ya H2testw siku hiyo hiyo, na risiti usiitupe.