Mashine ya kutafutia sarafu za kale bustanini: ipi ununue, ipi uiache

Swali la kwanza analoulizwa muuzaji ni "inafika chini kiasi gani?" Kwa bustani za miji ya Marekani, swali hilo halisaidii sana. Sarafu nyingi za zamani huko ziko sentimita 10 hadi 20 chini ya nyasi, na karibu kila mashine yenye jina hufika hapo. Kinachomshinda mtu ni takataka: visoda, misumari, foili, na vile vipete vya kufungulia makopo. Orodha hii tumeipanga kwa uwezo wa mashine kutenganisha sarafu na uchafu, tukiulinganisha na bei yake. Kina kimekuja nyuma.

Jua kwanza unachokitafuta. Sarafu za Marekani za senti 10, 25 na 50 zilizopigwa hadi 1964 zina fedha asilimia 90. Senti 5 za wakati wa vita, za mwishoni mwa 1942 hadi 1945, zina fedha asilimia 35. Zitambue kwa herufi kubwa iliyo juu ya kuba la jengo, upande wa nyuma. Senti 1 zenye masuke ya ngano ni za 1909 hadi 1958. Kipimo cha mashine ni ile senti 10 ya fedha: gramu 2.5 tu, upana wake haufiki milimita 18.

Mashine hukupa mlio na namba inayokisia aina ya metali iliyo chini. Kwenye Minelab Vanquish, ambayo namba zake huishia 40, senti 5 husoma 12 au 13, senti 1 ya zinki (zilizoanza 1982) karibu 20, senti 1 ya shaba na senti 10 kati ya 25 na 27, senti 25 karibu 30. Tatizo ni kwamba vipete vya makopo navyo husoma palepale kwenye senti 5, na pete nyingi za dhahabu vilevile. Ukiamua kuviruka vipete, umeruka na dhahabu. Hakuna mashine inayomaliza tatizo hilo, hata muuzaji akiapa.

Jambo la pili ni masafa, yaani marudio ya mawimbi ambayo mashine hurusha ardhini, yanayopimwa kwa kHz (kilohezi). Mashine ya masafa moja ni rahisi na betri yake hudumu, lakini sarafu ikiwa chini sana, au udongo ukiwa na madini, namba huanza kuyumba na sarafu nzuri husomeka kama msumari. Mashine ya masafa mengi kwa pamoja hushikilia namba vizuri zaidi. Nayo ina ugonjwa wake: kisoda cha chuma hulia kama senti 25. Dawa ni kuipitisha koili (ile sahani ya chini inayohisi metali) juu ya mlio mara kadhaa huku ukiivuta polepole kuelekea kwako, hadi mlio ubaki kwenye ncha ya mbele ya koili. Kisoda kitaanza kukwaruza na kutoa mlio wa chuma. Sarafu itafifia tu, mlio ukiwa bado safi.

1. Nokta Legend
Hii ndiyo tunayomshauri mtu mwenye dola 500 hadi 650. Imetengenezwa Uturuki, ni ya masafa mengi, na inaingia majini hadi mita 3, kwa hiyo mvua haitakusumbua. Unaweza kupanga jinsi inavyowahi kuachana na kitu kimoja na kusoma kinachofuata, na hapo ndipo sarafu iliyolala karibu na msumari hupatikana. Ubaya wake ni menyu nyingi. Mgeni hupandisha kila kitu juu kisha analalamika mashine inapiga kelele. Chini ya nyaya za umeme shusha usikivu hadi itulie, ndipo uanze. Koili ya inchi 11 ni kubwa mno kuzunguka meza za pikiniki, ambako inameza vitu vitatu kwa mpigo. Ongeza ya inchi 6.

2. Minelab Vanquish 440
Kwa mwenye dola zisizofika 300, hapa pasikupite. Masafa mengi, koili ya inchi 10 kwa 7, hali maalumu ya sarafu: unawasha unatembea. Inatumia betri nne za AA, na unaweza kuziweka za kuchaji. Koili inavumilia maji ila kichwa chenye skrini hakivumilii, hivyo beba mfuko wa plastiki. Imekaa ya pili kwa sababu haikupi nafasi kubwa ya kuirekebisha utakapokuwa mzoefu.

3. Minelab Equinox 900
Kiutendaji inaweza kukaa juu ya zote mbili. Inazama mita 5, mpini wake ni wa kaboni, na inakuja na koili mbili, ya inchi 11 na ya inchi 6. Lakini bei yake ilianza karibu dola 1,100, na tofauti hiyo hailipi kwenye nyasi za manispaa kama inavyolipa ufukweni kwenye maji ya chumvi.

4. Minelab X-Terra Pro na Nokta Simplex Ultra
Zote ni za masafa moja kwa wakati, zote zinazama mita 5. X-Terra Pro inakuruhusu kuchagua kati ya kHz 5, 8, 10 na 15; Simplex imefungwa kwenye kHz 15. Kwa sarafu za fedha, masafa ya chini hufaa zaidi, kwa hiyo tungechukua X-Terra. Kwa kijana anayeanza, inatosha.

5. Garrett ACE 300
Mashine ngumu, nyepesi, kHz 8, rahisi kuuzika tena. Teknolojia imepitwa. Ichukue ikiwa ya mtumba na bei imeshuka kweli.

Za kuacha: zile zisizo na jina za chini ya dola 100, ambazo namba zake ni mapambo. Na usinunue mashine za kutafutia dhahabu kama GPX ya Minelab ukidhani ghali ndiyo bora. Hizo ni za wachimbaji wa maeneo kama Geita. Uwezo wao wa kutofautisha chuma na sarafu ni mdogo, na bustanini utachimba misumari hadi jioni. Isitoshe, GPX bandia zimezagaa sana.

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Tenga dola 100 hadi 150 kwa kigunduzi kidogo cha mkono, kama Garrett Pro-Pointer AT, ambacho unakitumbukiza shimoni kukuonyesha sarafu iko upande gani. Bila hicho utapanua shimo na kuikwaruza fedha kwa chuma. Nunua pia kisu cha kuchimbia chenye meno upande mmoja, na hedifoni, maana milio ya sarafu za chini ni hafifu.

Kabla ya kuchimba, uliza manispaa. Jiji la New York linataka kibali, na kwa maeneo yaliyotajwa tu. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani mashine hizi ni marufuku, hata kuwa nayo mkononi bila kuifungua na kuifungasha. Ukiwa na mpango wa kuipeleka Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haikuruhusu kufukua malikale bila leseni.

Kata nyasi pande tatu, upande wa nne uuache kama bawaba, kina sentimita 10 au zaidi ili mizizi itoke na udongo wake. Udongo uliolegea uweke juu ya kitambaa, uurudishe wote, ukanyage. Wakati wa kiangazi acha kuchimba. Nyasi zitageuka njano duara kwa duara, na manispaa itafunga bustani kwa wote. Sarafu usiisugue kwa kidole ikiwa na mchanga. Ioshe kwa maji tu.

Ukinunua ya mtumba, nenda na senti 10 ya fedha mfukoni. Ipitishe mbele ya koili kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, mbali na jengo, uone kama namba inarudi ileile. Kisha gonga koili kidogo kwa mkono: ikilia yenyewe, waya una kasoro au maji yameingia. Kagua masikio ya koili panapopita bolti, ndipo hupasuka kwanza, na chomeka chaja mbele ya muuzaji.