Kliniki ya afya ya akili Tanga: tathmini yangu baada ya miezi minane ya kumpeleka kaka mwenye ulemavu wa akili

Tangu mama yetu afariki, kaka yangu aliacha kupanga machungwa. Ana miaka 36, amezaliwa na sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, na kwa miaka mingi kazi yake pale barazani kwetu Ngamiani ilikuwa kupanga machungwa ya Muheza mafungu ya matano matano, wala hakumruhusu mteja yeyote kuvuruga fungu lake. Akawa anashinda amegeukia ukuta, halali, chakula anakisukuma, na ukimsogelea anajing'ata mkono. Majirani walisema watu wa namna yake ndivyo walivyo. Kituo tulichoanzia, ambacho sitakitaja, kiliandika dawa ya kumtuliza bila kuuliza lolote kuhusu msiba, akabaki kusinzia mate yakimtoka.

Kliniki hii ya pili ninaisifu kwa sababu daktari alianza kwa kuuliza ni mambo gani kaka aliyafanya mwaka jana na leo hayafanyi. Alimkagua meno na masikio, kisha akaagiza kipimo cha damu cha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, akieleza kwamba wenye sindromu ya Down hupungukiwa mara nyingi na homoni ya tezi hiyo, na upungufu huo huleta uchovu unaofanana kabisa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Majibu yalipotoka salama ndipo akaandika fluoksetini, dawa ya sonona. Kapsuli zilizopo ni za miligramu 20 na hazikatiki, kwa hiyo alielekeza ameze moja leo, kesho apumzike, kwa wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini siku nyingi na kaka asingeweza kutueleza madhara yakimsumbua. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, aliikwepa kwa sababu hufunga choo, tatizo ambalo kaka analo tayari. Alituonya tusitazamie nafuu ya haraka, na kwamba hata akipona aendelee na dawa kwa miezi 6 hivi, asiikatishe ghafla.

Tena alizungumza na kaka mwenyewe, akimwonyesha kadi zenye picha za nyuso. Kaka aliweka kidole kwenye uso unaolia, akasema, "Mama." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo tangu mazishi. Wiki ya sita nilichukua chungwa kutoka kwenye fungu lake, akanipiga kibao cha mkono na kulirudisha.

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Tunafika saa moja asubuhi na kuonwa saa sita, ilhali kaka hawezi kustahimili makelele ya ukumbi ule. Wagonjwa wa aina yake wangetangulizwa. Kwenye dirisha la dawa walizungumza nami tu, na karatasi iliyomo ndani ya boksi ni ya Kiingereza kitupu. Ushauri nasaha wa msiba aliupata mara mbili pekee. Sababu ya dawa pia haikuandikwa kwenye kadi yake mpaka nilipoomba, na jambo hilo lina uzito: Uingereza, taarifa ya serikali ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu kama huu walikuwa wakipewa dawa za akili, zikiwemo za sonona, bila sababu ya kitabibu inayofaa.

Anayekwenda na ndugu yake aandike kwenye daftari usingizi, chakula na choo cha kila siku. Daktari yule hulisoma ukurasa kwa ukurasa.