Uzoefu wangu: fundi kaniwekea seva ya sinema, kanifutia chipsi za Mafiati

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Fundi wa duka moja la kompyuta hapa Mbeya mjini amenifutia video za familia tulizochukua kwenye kibanda cha chipsi, halafu akaniambia bila hata kunyanyua macho: "Dada, nimetoa yale makorokoro ya chipsi, yalikuwa yanajaza nafasi."

Makorokoro!

Pale Mafiati, kandokando ya barabara kuu, kulikuwa na kibanda cha chipsi cha mzee mmoja. Waliosoma Mbeya enzi zetu watakuwa wanakikumbuka. Viazi vya Umalila, vikavu, havinywi mafuta. Mwezi wa sita baridi ikishika tunalizunguka jiko lake la mkaa tukisubiri zege, yeye anapasua mayai kwa mkono mmoja huku anabishana habari za Simba na Yanga na yeyote aliyefika. Kachumbari ya kabichi, pilipili ya kutoa machozi, na mfuko wa rambo (kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019) ambao ukifika nyumbani umeshalowa mafuta. Nimekula chipsi mayai Dar, nimekula Iringa, sijaipata ladha ile. Sasa barabara inapanuliwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kibanda hakipo, mzee alisharudi kwao. Kilichobaki ni video ambazo marehemu kaka yangu alizichukua kwa simu yake ya batani.

Ndizo zilizonifanya nitafute seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi video na kuzirusha kwenye runinga na simu za nyumbani. Nilitaka mama akae sebuleni, awashe runinga, amwone mwanawe akicheka na chipsi mdomoni.

Na niseme haki: mtambo wenyewe ni mzuri. Fundi alichukua kompyuta yangu ya zamani ya mezani akaweka Jellyfin, programu ya bure isiyodai malipo ya mwezi. Haili hata bando, kwa sababu picha zinapita kwenye waifai ya ndani tu. Intaneti ikikatika mnaendelea kutazama. Watoto wanaangalia katuni kwenye simu, mama anaangalia harusi ya dada, kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nilimsifia fundi huyo kwa majirani wote.

Kisha nikatafuta folda ya Mafiati.

Utetezi wake ni kwamba video zilikuwa zinakwama. Ni kweli zingekwama! Ni za 3GP, muundo wa video wa simu za zamani, runinga haizijui, kwa hiyo seva inalazimika kuzigeuza papo hapo zikiwa zinachezwa. Dawa yake ni kuzigeuza mara moja tu ziwe MP4, muundo ambao runinga nyingi zinaucheza, kwa HandBrake, programu ya kugeuza video ambayo nayo ni ya bure. Fundi anayelipwa anashindwaje hilo? Na hiyo nafasi anayoisema, folda nzima ilikuwa ndogo kuliko sinema moja kati ya zile zilizotafsiriwa alizonijazia kwenye diski yangu bila kuombwa.

Nilipomrudia dukani akanijibu mbele ya wateja, "Si ununue chipsi nyingine tu, dada'angu?" Watu wakacheka. Nilitetemeka. Nimelelewa kumheshimu fundi, nikaondoka bila kumjibu, na mpaka leo jibu limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kijana mmoja anayesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, alinisaidia kwa PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Baadhi zimerudi, zikiwa zimepoteza majina, ni namba tupu, hujui ipi ilitangulia. Nyingine hazifunguki kwa sababu zile sinema za fundi zilishaandikwa juu ya video hizo. Kijana hakutaka hata hela ya soda. Mungu ambariki.

Basi, tathmini. Seva ya nyumbani naipendekeza kwa moyo wote, hata kwa mwenye kompyuta kuukuu. Huduma ya duka lile nilipanga kuipa nyota tatu kwa sababu kazi ilikamilika. Lakini kazi gani ilikamilika, ikiwa nilichotaka kiwekwe ndicho kilichofutwa? Nampa moja, na hiyo ni ya nyaya alizozipanga vizuri. Hapana, hata hiyo namnyima.

Juzi amenipigia anadai salio lake. Nimemwambia aje nyumbani achukue, ila kwanza amweleze mama yangu, kwa mdomo wake mwenyewe, makorokoro aliyoyatoa ni yapi.