Kipima oksijeni cha mkononi kwa wafugaji wa samaki

Kwa miezi minne nimekitumia kifaa hiki katika vizimba vyangu vya sato, ambao hapa Uganda tunawaita ngege, kwenye Ziwa Victoria karibu na Jinja, nami naona kinastahili bei yake. Ubora wake mkubwa ni kuonyesha oksijeni na joto la maji kwa pamoja, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi, yakiwa kwenye usawa wa bahari, ambayo katika nyuzi 25 huweza kushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, hushika 7.6 tu yanapofika nyuzi 30, na ziwa letu, lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hushika pungufu ya hapo. Joto hilohilo huongeza mahitaji ya samaki, na anapoogelea kwa nguvu kuukimbia wavu mahitaji hayo hupanda tena. Kwa hiyo sasa hatuwavui samaki ili kuwachambua kwa ukubwa alfajiri, oksijeni inapokuwa chini kabisa, wala adhuhuri; tunangoja kipimo cha oksijeni kiongezeke baada ya jua kuchomoza. Samaki wanaokufa baada ya kazi hiyo wamepungua mno. Kasoro ni waya mfupi, usiofika chini ya kizimba, na kihisi kinachoota ukoga upesi.